Vile unaweza kulinganisha mabingwa wa tenisi wa zamani na wa leo kwa mataji yao ya Grand Slam

Hapa Lubumbashi mabishano ya tenisi haiko mingi kama ya mpira, lakini ikianza inawaka. Mmoja anatoa simu anasoma "Djokovic 24, Nadal 22, Federer 20", anaweka simu ku meza, kwake yeye imeisha. Mwingine, mara nyingi ni vieux mwenye alianza kufuata tenisi tangu wakati ya ba Borg na ba McEnroe, anakataa, anasema nyie vijana mnajua kusoma namba tu. Na wote wawili wako na haki kwa sehemu yao. Namba ni kitu ya kweli, huwezi kuifuta, lakini hii namba ya Grand Slam iko na mambo ndani yake yenye hutaiona kama haujui mashindano yenyewe ilikuwa inaendeshwa namna gani mu ile miaka. Basi nataka kuonyesha vile mtu anaweza kuchukua bingwa wa 1962 na bingwa wa 2023, akawaweka pamoja bila kudanganya mtu. Chukua kaye na biki, ama andika ndani ya simu, juu namba ziko mingi na kichwani zinachanganyikana.

Kwanza, ujue unahesabu nini

Grand Slam ni mashindano ine: Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na US Open ya Marekani. Mwenye mnaongea naye akikuambia Martina Navratilova iko na mataji 59, hasemi uongo, lakini ameweka pamoja za mtu peke yake, za wawili wanawake, na za mwanamke na mwanaume. Za peke yake ni 18. Margaret Court vilevile, 64 kwa jumla, 24 peke yake. Mkubaliane mwanzoni: tunahesabu za peke yake. Nyingine ni sifa kubwa lakini iweke ku ukurasa wake.

Pia kuna miaka yenye inabidi uitenge. Mashindano ya Ufaransa ilianza 1891 lakini mpaka 1924 ilikuwa ya watu wa vilabu vya Ufaransa peke, wageni walifunguliwa mlango 1925, njo maana Suzanne Lenglen wanamuhesabia mataji 8 tu, 6 za Wimbledon na 2 za Ufaransa, hata kama alishinda Ufaransa mara mingi kuliko hapo. Na Wimbledon ya zamani ilikuwa na sheria moja ya ajabu, bingwa wa mwaka uliopita hakuwa anacheza toka mwanzo, alikuwa anangojea ku finali, wengine wanachapana mpaka anabaki mmoja, huyo njo anakuja kumkuta. Iliisha baada ya 1921. William Renshaw alishinda Wimbledon mara 7, lakini tano kati ya hizo, 1882 mpaka 1886, kila mwaka alicheza mechi moja. Federer kwa zake 8 alibidi kupita raundi saba kila mara. Hakuna haja ya kumdharau Renshaw, lakini usimuweke ku mstari moja na Federer halafu useme wamepishana kwa moja tu.

Pili, chora mstari ku 1968

Hapa njo pale watu wengi wanapotea, na kama utasoma kipande kimoja cha haya yote, soma hiki.

Mpaka mwanzo wa 1968 Grand Slam ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, maana yake wale wenye hawalipwi. Ukisaini mkataba wa kulipwa, hata uwe wa kwanza duniani, Wimbledon haikupokei tena. Na wenye kulipwa walikuwa nani? Walikuwa wale wakali zaidi, juu ukishinda Wimbledon mara moja ama mbili, mwenye kuandaa mizunguko ya kulipwa anakuja na pesa, na mtu iko na familia, anaenda. Kwa hiyo mu ile miaka Grand Slam ilikuwa inapoteza wachezaji wake wakali karibu kila mwaka. Mlango ulifunguliwa kwa wote April 1968, na Roland Garros ya mwaka ule njo ilikuwa ya kwanza ya wote pamoja.

Sasa angalia Waaustralia wawili. Roy Emerson, mataji 12. Rod Laver, mataji 11. Ukisoma simu tu, Emerson anapita. Lakini Laver alishinda zote ine mu 1962, halafu akaenda ku kulipwa, na kuanzia 1963 mpaka 1967 hakukanyaga hata moja, ni Grand Slam 20 zenye hakuruhusiwa. Emerson yeye alibaki. Na kati ya zile 12 zake, 10 alizipata mu ile miaka tano yenyewe. Mlango ulipofunguliwa, Laver akarudi, akabeba Wimbledon 1968 na zote ine za 1969. Emerson hakuongeza hata moja. Ukimaliza kuandika hizi ku kaye, sidhani utarudia kusema 12 inapita 11.

Na usidhani wale wa kulipwa walikuwa wazee wenye kutafuta pesa ya mwisho. Laver alipoingia kwao 1963, bingwa wa zote ine, Ken Rosewall na Lew Hoad walimpiga vibaya miezi ya kwanza. Hii iko ushahidi mkubwa sana: mtu mwenye alikuwa hana mpinzani ku Grand Slam alienda upande mwingine akakuta wenye kumzidi. Kiwango cha juu cha dunia hakikuwa Wimbledon mu ile wakati.

Mwenye ananiuma zaidi ni Rosewall mwenyewe. Mataji 8, unamukuta mbali chini ku orodha, sawa na Agassi, Connors na Lendl. Lakini alikosa 1957 mpaka 1967, miaka kumi na moja, Grand Slam 44. Alipita upande ule akiwa kijana wa miaka 22. Aliporudi 1968 alikuwa amefikisha 33, na akashinda ile Roland Garros ya kwanza ya wote, finali alimpiga Laver. Halafu US Open 1970, Australia 1971 na 1972, na akiwa na miaka 39 akafika finali ya Wimbledon na ya US Open mwaka moja, 1974, Connors akamzuia zote mbili. Mu miaka yenye alikuwa inje, kulikuwa na mashindano tatu yenye wa kulipwa walikuwa wanahesabu kama Grand Slam yao: ya Marekani, ya Ufaransa, na ya Wembley kule London. Rosewall alishinda 15. Laver 8. Pancho Gonzales, mwenye ku Grand Slam wanamuandikia 2 tu, US 1948 na 1949, alishinda ile ya Marekani mara 8.

Sasa utafanya nini na hizi? Nakushauri mambo mbili. Usijumlishe 8 na 15 ukasema Rosewall iko na 23, juu yale mashindano ya kulipwa ilikuwa na watu wachache, hukubidi kushinda mechi saba. Na usianze kuhesabu vya kuwaza, "angeshinda angalau kumi". Andika tu safu tatu pembeni ya jina: mataji, Grand Slam zenye alizuiwa, mataji ya kulipwa. Rosewall 8, 44, 15. Laver 11, 20, 8. Emerson 12, 0, 0. (Laver ukipenda ongeza Australia ya January 1968, bado mlango ulikuwa haujafunguliwa, inakuwa 21.) Mwenye kuona hizo safu ataelewa mwenyewe, hautakuwa umemubeba kwa nguvu.

Kuna wenye wanakwenda mbali upande mwingine, wanasema basi yote ya kabla ya 1968 tupa. Hapana. Sisi watu wa hapa tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa hii. Mazembe, timu yetu ya mpira, iko na vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Vile viwili vya kwanza, wakati timu ilikuwa inaitwa Englebert, hakukuwa na makundi, makundi ilikuja 1997, na kile cha 1967 tulitoka sare na Asante Kotoko ya Ghana mara mbili, 1-1 na 2-2, halafu mechi ya kukata Kotoko hawakutokea, kombe likatupwa kwetu. Nenda Kamalondo, kule kwa watu wa Mazembe, uwaambie kwamba ile si kombe uone. Ni kombe, kamili, ya wakati wake. Lakini mtu mwenye akili akiongea juu ya 2010, timu yenye ilienda mpaka finali ya dunia na Inter, ataeleza kwamba njia haikuwa moja. Fanya vile vile na tenisi: taji linabaki taji, na unaeleza njia yake.

Tatu, uliza nani alikuja

Hata baada ya 1968 Grand Slam zote hazikuwa sawa, na hapa tunaongea Australia. Ilikuwa mbali, pesa ilikuwa kidogo, na kwa miaka mingi walicheza December karibu na Noeli. Björn Borg alienda mara moja tu maishani, 1974. Connors alienda mara mbili, akashinda moja na kufika finali ya pili, hakurudi tena. Ilianza kuwa Grand Slam ya kila mtu kweli pale 1988, wakati walihamia Melbourne Park na wakatoka ku majani wakaweka kiwanja kigumu.

Sasa iko zoezi moja napenda, chukua kila mtu utoe Australia, uone kunabaki nini. Wanaume: Nadal 20, Djokovic 14, Federer 14, Sampras 12, Borg 11, Laver 8, Emerson 6. Wanawake: Helen Wills 19, Steffi Graf 18, Serena Williams 16, Chris Evert 16, Navratilova 15, Court 13. Umeona Wills? Mwanamke wa miaka ya 1920 na 1930, 8 za Wimbledon, 7 za Marekani, 4 za Ufaransa, na hakuwahi kufika Australia hata siku moja, juu kwenda kule ilikuwa safari ndefu ya meli. Watu hawamtaji kabisa, na ukitoa ile shindano moja yenye hakuna mtu wa Marekani alikuwa anaenda kirahisi, yeye njo wa kwanza.

Lakini tahadhari, hii zoezi haimuhusu Djokovic. Zake 10 za Melbourne zote ni za kuanzia 2008, kila mtu alikuwepo, jua kali, seti tano. Kumtolea zile ni wizi. Utoaji huu unafaa kwa wale wa kabla ya 1988 tu, na hata kwao usiufanye kwa hasira. Court iko na 11 kati ya 24 zilizotoka nyumbani kwake Australia, na wenye kumpenda Serena wanashikaka hapo wanafinya. Mimi naona wanafinya kupita kiasi. Mtu mwenye alishinda Roland Garros 5, US 5, Wimbledon 3, na mu 1970 akabeba zote ine mu mwaka moja, hakuwa bingwa wa kijijini. Na kati ya 24, 11 ni za enzi ya wazi, baada ya 1968. (Kabla ya hapo hata kwa wanawake wakali wachache walienda ku kulipwa, lakini si kwa wingi kama wanaume, kwa hiyo ule mstari wa 1968 unakata wanaume zaidi kuliko wanawake.)

Nne, gawanya

Simu iko na kalkulatrisi, itumie. Mataji gawanya kwa mara zenye mtu aliingia.

Court 24 kwa 47, ni asilimia 51. Borg 11 kwa 27, ni 41. Graf 22 kwa 54, nayo 41. Nadal 22 kwa 68, ni 32. Evert 18 kwa 56, ni 32. Serena 23 kwa 81, ni 28. Sampras 14 kwa 52, ni 27. Federer 20 kwa 81, ni 25.

Hii inasaidia sana kwa wale walioacha mapema ama wenye hawakuwa wanaingia kila shindano, Borg njo mfano, ukimuangalia kwa 11 tu unamuweka chini ya Sampras, ukigawanya unaona kila aliposhuka kiwanjani karibu mara mbili kati ya tano alikuwa anaondoka na kombe. Lakini asilimia iko na ubaya wake pia, inawaumiza wenye walivumilia. Borg Grand Slam yake ya mwisho ni 1981, alikuwa na miaka 25. Federer aliendelea mpaka 2021, goti limeharibika, kila shindano lenye alipoteza linamushusha. Serena alianza 1998 akiwa mtoto wa miaka 16, na baada ya kuzaa mu 2017 alifika finali ine nyingine, zote akapoteza, na asilimia inamuhesabia zile kama kitu bure wakati mama mwenye amezaa kufika finali ine za Grand Slam ni ajabu.

Dawa yake: usilinganishe maisha nzima na maisha fupi. Kata kipande kinacholingana. Borg aliingia Grand Slam 27 kwa jumla, sindiyo? Basi mtafutie Federer 27 zake bora zenye zimefuatana. Kutoka Wimbledon 2003 mpaka Australia 2010 ni 27 kabisa. Federer alishinda 16. Borg 11. Halafu hata pale kumbuka mbili za Borg alizopata akiwa na miaka 18 na 19, wakati Federer kile kipande kinaanza akiwa karibu 22. Ukifika hapa mabishano inakuwa tamu kweli, juu sasa mnaongea kitu kimoja. Djokovic, kutoka Australia 2011 mpaka Roland Garros 2016, ni Grand Slam 22, alibeba 11, nusu kamili.

Tano, angalia viwanja

Kwa kifupi. Laver alipobeba zote ine 1969, tatu zilikuwa za majani na moja ya udongo. US Open ilikuwa majani mpaka 1974, ikawa udongo wa kijani 1975 mpaka 1977, ikawa kiwanja kigumu 1978, na Connors aliishinda ku vyote vitatu, hakuna mwingine. Kwa hiyo "zote ine" ya leo ni mtihani wa namna tatu, ya zamani ilikuwa ya namna mbili. Agassi ni mwanaume wa kwanza kushinda ine ku majani, udongo na kiwanja kigumu, njo maana mimi zile 8 zake naziona nzito kuliko 8 za wengine.

Kipimo kidogo cha kufanya hapa: angalia namba ndogo kabisa ya kila bingwa, kule pahali iko dhaifu. Sampras, 0 Roland Garros. Borg, 0 US Open, ingawa alifika finali mara ine. Federer 1. Nadal 2. Laver 2. Djokovic 3. Serena 3, Court 3. Graf 4. Ni yeye peke, kati ya wanaume na wanawake wote, mwenye ameshinda kila moja angalau mara ine.

Na wale wenye wanasemaka Nadal ni wa udongo tu, wapatie hii: toa 14 zote za Roland Garros, inabaki 8. Ni sawa na mataji yote ya Agassi, yote ya Connors, yote ya Lendl.

Sita, andika pembeni yale yenye hayakutoka kwa mchezo

Vita: Wimbledon haikuchezwa 1915 mpaka 1918, na 1940 mpaka 1945. Kwa mtu mwenye alikuwa na miaka 24 mu 1940, hesabu mwenyewe. Maureen Connolly, mwanamke wa kwanza kubeba zote ine mu mwaka moja, 1953, alikuwa na mataji 9 akiwa na miaka 19, akaumia mguu juu ya farasi mu 1954, ikaisha pale.

Na Monica Seles. Hii lazima uiandike kama unamutaja Graf. Kuanzia Australia 1991 mpaka Australia 1993 Seles aliingia Grand Slam 8, akashinda 7. Alikuwa na jumla 8 hajafikisha hata miaka 20. Tarehe 30 April 1993, Hamburg, shabiki mmoja wa Graf alimuchoma kisu mgongoni akiwa amekaa kupumzika kati ya mchezo. Alikaa zaidi ya miaka mbili bila kucheza, na aliporudi alipata moja tu tena, Australia 1996. Graf kabla ya ile siku alikuwa na 11. Baada, 11 nyingine. Graf hakufanya kosa lolote na usimtolee hata moja, lakini mwenye kusoma kaye yako anapaswa kuijua ile tarehe.

Kwa sisi Waafrika kuna safu moja nyingine yenye simu haikuonyeshi. Althea Gibson, mweusi wa kwanza kushinda Grand Slam, Roland Garros 1956, halafu Wimbledon na US zote mbili 1957 na 1958. Mataji 5. Lakini mpaka 1950 mashindano ya Marekani haikuwa inamupokea juu ya rangi yake. Ile 5 ilianza ikiwa imechelewa miaka kwa sababu yenye haikuwa raketi. Arthur Ashe 3, na pia yeye njo mwenye alimuona mtoto mmoja Yaoundé 1971, Yannick Noah, akasaidia apelekwe kufundishwa Ufaransa, mtoto akashinda Roland Garros 1983. Noah ni taji 1. Ukilinganisha kwa namba tu, hata hautafika kumutaja, na bado ile siku ya 1983 bado vieux wengi hapa wanaikumbuka.

Upande mwingine, Djokovic 2022 hakuingia Australia wala US Open juu ya mambo ya chanjo. Iandike pia, lakini ile ilikuwa uamuzi wake, usiiweke safu moja na ya Laver ama ya Gibson.

Kitu kimoja usifanye

Usiseme "Laver angecheza na Djokovic leo angepigwa 6-0". Laver alikuwa anatumia raketi ya mbao. Nyuzi za polista zenye zinazungusha mpira vile unaona leo zilijulikana baada ya Gustavo Kuerten kushinda Roland Garros 1997 nazo. Hawa ni watu wa vyombo tofauti, mazoezi tofauti, safari tofauti. Swali lenye lina jibu ni hili: kati ya wenye walikuwa wanaweza kumpinga mu wakati wake, aliwaacha mbali kiasi gani, na walikuwepo wote? Hapo Djokovic iko na kitu yenye wengine hawana, juu wapinzani wake walikuwa Nadal wa 22 na Federer wa 20, na wote wawili amewapita ana kwa ana, 31 kwa 29 na 27 kwa 23.

Mwisho, toa hukumu lakini na sababu

Ukimaliza safu zako usiogope kuchagua, mtu mwenye anaandika kurasa tatu halafu anasema "wote ni wakubwa" amepoteza wakati ya watu. Mimi kwa wanaume naweka Djokovic wa kwanza, juu ya 24 za enzi yenye kila mtu anaingia, juu hana kiwanja chenye kinamushinda, na juu ya wale wawili. Wa pili naweka Laver, mbele ya Nadal na Federer, najua wengi watakataa, lakini mtu mwenye alibeba zote ine 1962, wakamfungia mlango Grand Slam 20, akarudi akabeba tena zote ine 1969, sijaona mwanaume mwingine amefanya hata ya kwanza tangu pale. Kwa wanawake naweka Graf, kwa ile 4 yake ya chini na ile asilimia 41, na 1988 alishinda zote ine na Olimpiki ya Seoul juu yake. Serena namuweka karibu naye kabisa, na kama mtu anapima kwa muda mrefu wa kuvumilia, kutoka taji la 1999 mpaka la 2017, basi atamuweka juu na sitabishana naye sana. Court wa tatu, Wills wa ine.

Halafu hawa vijana. Watu wanauliza Alcaraz tutamuweka wapi, na jibu ni kwamba hawekwi bado pembeni ya 24, anawekwa pembeni ya umri. Mwisho wa 2025 akiwa na miaka 22 alikuwa na 6. Borg siku anafikisha 23 alikuwa na 6. Nadal siku anafikisha 23 alikuwa na 6. Federer siku ile ile alikuwa na 3, Djokovic 1. Sinner yeye alimaliza 2025 na 4, miaka 24. Kwa hiyo kila Grand Slam ikiisha, fungua kaye, tafuta umri wa kijana na mwezi, na uangalie wale wakubwa walikuwa na ngapi pale pale. Borg alifikisha 11 akiwa amemaliza tu miaka 25.